Mjane Aliyedai Nafasi Yake Kwenye Mashine ya Unga

Jua bado liko nyuma ya mapaa ya mabati ya soko la Migori, na tayari foleni ya wanawake imefika kwenye mlango wa jirani anayeuza mafuta ya taa. Ndani, mtambo wa dizeli unakohoa, unanyamaza, unakohoa tena, kisha unashika. Ukuta wote unatetemeka. Vumbi jeupe linashuka kutoka kwenye boriti na kutua juu ya vitambaa vya vichwa.

Priscilla Akelo hamimini mahindi mara moja. Anasimama kwanza, mkono mmoja juu ya ukingo wa bati linaloingiza nafaka, anasikiliza. Ngurumo ikishatulia, anainua debe la kwanza na kulimimina polepole, jicho lake likiwa kwenye mfuko wa kitambaa unaovimba upande wa pili.

"Mama Bravin, leo usininyime pumba zangu," anasema mwanamke aliye mbele. "Juzi nilifika nyumbani kuku wakanigomea."

"Kuku wako walikuwa wameshiba za jirani," anajibu Priscilla bila kugeuka. "Weka gunia hapo."

Foleni inacheka. Mwanamke anaweka gunia. Unga unapotoka, Priscilla anauchota kwa kiganja, anausugua kati ya vidole, kisha anamnyooshea mwenyewe aonje joto lake. Mwanamke anaupokea, anarusha kidogo mdomoni na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Mtu mgeni akipita hapa hataona ajabu yoyote. Lakini miaka miwili iliyopita, mwaka 1996, hakuna mwanamke katika foleni hii aliyekubali mkono wa Priscilla uguse unga wake. Na kwa wiki kadhaa Priscilla mwenyewe hakujua kama bado ana kazi au hana.

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa upande wa Mbita, akasoma mpaka darasa la sita, akaolewa Kosele na seremala aliyeitwa Elisha Onditi. Walihamia Migori kutafuta riziki. Elisha alitengeneza vitanda na, siku za shida, majeneza. Mwaka 1991 Priscilla alipata kazi kwa Abdurahman Farah, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Garissa akafungua duka la nafaka, na baadaye mashine ya kusaga.

Hapakuwa na mkataba wowote. "Aliniuliza, utaweza kubeba debe? Nikabeba. Akasema, kesho njoo," anakumbuka Priscilla. "Hayo ndiyo maandikiano tuliyoandikiana."

Mshahara wake ulifika shilingi elfu moja na mia nne kwa mwezi, na unga wa nyumbani juu yake. Kila Ijumaa adhuhuri mtambo ulizimwa, Abdurahman akaenda msikitini. Kila Jumamosi Priscilla, ambaye ni Msabato, hakuja. Jumapili alikuwa kazini kama kawaida. Kwa miaka mitano hakuna aliyegombana na mwenzake juu ya jambo hilo, na hakuna aliyewahi kutaja neno likizo.

"Mimi nilidhani ile Jumamosi ndiyo likizo yangu," anasema Priscilla.

"Hata mimi nilidhani hivyo," anasema Abdurahman, ambaye ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, tasbihi mkononi. "Nilijiona tajiri mwema sana."

Elisha aliugua karibu mwaka mzima. Kwanza kifua, halafu tumbo, mwishowe mwili wote. Priscilla alikuwa akimlisha asubuhi, anakuja kusaga, anarudi mchana kumgeuza kitandani, anakuja tena. Alifariki mwezi wa Machi. Siku hiyo Priscilla alimwambia mfanyakazi mwenzake, Metrine Naliaka, ambaye kazi yake ni kupima nafaka kwa gorogoro na kushona magunia: "Mwambie tajiri naenda kuzika Kosele."

Abdurahman hakuwa mchoyo. Jioni hiyo hiyo alituma magunia mawili ya unga na mafuta ya gari lililobeba mwili. Priscilla anasema watu wa Kosele walimsifu sana, wakisema Msomali huyu amewashinda hata ndugu wa damu.

Baada ya mazishi ndipo mambo yalipoanza.

Katika mila ya Waluo, mwanamke aliyefiwa na mume huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Mpaka ndugu wa marehemu amrithi kwa namna iliyowekwa na wazee, mjane huyo haingii ovyo katika nyumba za watu, hapandi mbegu kabla ya wengine, na hagusi chakula cha mtu ambaye si wa nyumba yake. Wanaofuata mila hiyo huamini kwamba akifanya hivyo ataleta maradhi, na watakaoumia zaidi ni watoto.

Wazee walimtaja Bonface, mdogo wa Elisha. Kanisa la Priscilla halikubali jambo hilo, na yeye mwenyewe hakulikubali.

"Niliwaambia kwa heshima, nimepiga magoti," anasema. "Niliwaambia, mume wangu nimemzika na Mungu wangu ameona. Shemeji ni shemeji. Atakula kwangu, atanikatia kuni, lakini hatalala kwangu."

Bonface hakukasirika. Ni mtu wa maneno laini, mwenye wake wawili tayari. "Shemeji, hakuna anayekuharakisha," alimwambia. "Tutaona utaishi wapi na utakula nini."

Katika wiki ya tatu, baada ya ibada ya shukrani, Priscilla alirudi Migori. Alivaa gauni la kazi, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye mashine.

Kilichotokea hapo anakisimulia taratibu, kama mtu anayepita kwenye matope akichagua pa kukanyaga. Abdurahman alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona akija. Akageuza uso wake, akatazama magunia, kisha akaingia stoo na kufunga mlango. Hakumpa pole. Hakumwangalia. Mahali pake, kando ya mtambo, alisimama msichana asiyemjua, debe mkononi.

Baada ya muda Metrine alitoka stoo. Alikuwa amekunja uso.

"Mama Bravin, tajiri anasema urudi nyumbani ukae kwanza."

"Nikae kwa nini?"

"Sijui, dada. Anasema si vizuri wewe kuwa hapa sasa hivi."

"Mpaka lini?"

"Ni miezi. Amesema tu ni miezi."

Foleni ilikuwa imesikia. Mwanamke mmoja alisema, si kwa ubaya bali kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana, "Amefanya vizuri. Chi liel atagusaje unga wa watu?" Priscilla akajua jibu lake. Alidhani tajiri wake amewasikiliza wateja, na kwamba mlango wa mashine hautafunguka mpaka akubali kurithiwa.

"Nilitembea mpaka daraja la mto," anasema. "Nikashika chuma cha daraja. Sikulia. Niliuliza tu, Baba, sasa hata wa dini nyingine amekubaliana nao?"

Bonface alipopata habari, alisafiri kutoka Kosele akaja kumwona. Aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya kupanga, akanywa uji.

"Unaona sasa?" alisema. "Hata Msomali, mtu wa mbali, ameheshimu mila yetu kukushinda wewe. Kubali tu, shemeji. Ni jambo la usiku mmoja. Jumatatu uko kazini."

Priscilla hafichi kwamba alifikiria. Alikuwa na watoto watatu, kodi ya nyumba, na karo ya mwanawe Bravin. Bonface hakuwa mtu mbaya. "Nilifikiria nikiwa napika," anasema, "nikafikiria nikiwa nafua. Niliona mlango mmoja tu mbele yangu, na funguo ameshika shemeji yangu."

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyemwambia juu ya ofisi ya leba, inayosikiliza kesi za wafanyakazi, huko Homa Bay. Priscilla alishangaa. Alidhani leba ni ya wanaume wa viwanda vya sukari na wenye vyama vyao. Hakujua kwamba mtu anayemimina mahindi kwenye bati naye ana mahali pa kusemea. Alikopa nauli, akaenda.

Ofisa aliyemsikiliza ni Bwana Onyancha, Mgusii mrefu ambaye siku hizi amestaafu na analima kahawa. Anamkumbuka vizuri.

"Nilimuuliza, mama, umefutwa? Akasema, sijaambiwa nimefutwa. Nikamuuliza, umeacha kazi? Akasema, sijaacha. Nikamwambia, sasa wewe uko wapi? Akaniambia, ndicho nilichokuja kuuliza."

Onyancha alimwita Abdurahman. Siku ya kikao Abdurahman alifika mapema kuliko wote, amevaa koti juu ya kanzu, na hasira imemjaa mpaka shingoni.

"Mimi naitwa kama mwizi," alianza kabla hajaketi. "Mimi nimempa unga. Nimempa mafuta ya gari. Nimempa mapumziko. Kuna tajiri gani Migori anafanya hivi?"

"Mapumziko gani?" aliuliza Onyancha.

"Eda."

Onyancha anasema karani wake aliacha kupiga taipu.

Abdurahman alieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Kwao, mwanamke akifiwa na mume, hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, na mwanamume asiye jamaa yake hamkazii macho wala hamzuii njiani kwa maneno. Mwenye kumlazimisha kazi wakati huo ni mtu asiye na haya. Kwa hiyo alipomwona Priscilla anakuja na gauni la kazi, wiki ya tatu tu, alishtuka. Alidhani njaa imemsukuma. Alijionea aibu, akageuza uso kwa heshima, akamtuma Metrine amrudishe nyumbani.

"Na yule msichana?" aliuliza Onyancha.

"Huyo ni wa muda. Nimemwambia siku ya kwanza, hii nafasi ina mwenyewe. Mwenyewe bado hajamaliza eda yake."

Priscilla alikuwa hajainua kichwa. Sasa aliinua.

"Tajiri," alisema, "mimi ni Msabato."

"Najua wewe ni Msabato. Kwani Wasabato hawana huzuni?"

Onyancha alicheka, halafu akaomba radhi kwa kucheka. Anasema katika miaka yake yote ya kazi alishaona matajiri waliofuta watu kwa sababu ya uchoyo, ulevi, kabila na wivu. Hakuwa ameona aliyemfungia mtu mlango kwa kumheshimu.

Lakini heshima haikuwa imelipa kodi ya nyumba, na ofisa huyo alilazimika kuwaambia wote wawili maneno ambayo hawakuyapenda.

Kwa Abdurahman alisema kwamba sheria ya ajira ya nchi haijui eda. Huwezi kumwondoa mfanyakazi kazini kwa miezi, bila mshahara na bila kumwambia uso kwa uso, kisha ukasema umempumzisha. Kwa Priscilla alisema kwamba sheria hiyo hiyo haijui matanga wala kunyolewa nywele za msiba. Mfanyakazi akikosa kufika bila ruhusa na bila sababu ya kueleweka, mwajiri anaweza kumfuta siku hiyo hiyo, na ujumbe uliotumwa kwa mdomo wa mwenzako unaweza kukanwa kesho.

"Kama Abdurahman angekuwa mtu mwingine," anasema Onyancha, "angesema tu, huyu alitoroka kazi. Na mama angebaki na nini mkononi?"

Kilichowaokoa ni likizo. Onyancha aliwauliza Priscilla amewahi kwenda likizo ya mwaka mara ngapi. Wakatazamana. Ndipo wote wawili walipojua kwamba kila mwaka alikuwa na haki ya siku ishirini na moja za kupumzika akilipwa, na kwamba zile Jumamosi zilikuwa siku ya mapumziko ya wiki, jambo lingine kabisa. Siku za Kosele na za kungoja zikahesabiwa kuwa ni sehemu ya likizo hiyo. Abdurahman hakubisha. Alifuta jasho, akauliza kama ofisa anaweza kumwandikia mambo mengine anayopaswa kujua, maana ana wafanyakazi wengine.

Kabla hawajatoka, Onyancha alimwita Priscilla kando. Anasema aliona ni vibaya kumwacha aondoke na furaha ya uongo.

"Nilimwambia ukweli. Mama, nimekurudisha kazini, lakini siwezi kukulinda huko. Akitaka, atakupa notisi ya mwezi mmoja, akulipe chako, na sheria itakuwa upande wake. Hatadaiwa hata kutoa sababu."

Priscilla alirudi kwenye mashine Jumatatu iliyofuata. Abdurahman alimpa pole hadharani, miezi miwili baada ya mazishi, akimtazama usoni, na masikio yake yakawa mekundu kwa haya. Baadaye alimuuliza sheikh wa msikiti wao, akaambiwa kwamba hata Muislamu aliye katika eda, akiwa hana wa kumlisha, hutoka mchana kutafuta riziki. "Mke wangu Hodan alinicheka wiki nzima," anasema. "Akaniambia, umekuwa sheikh wa Wasabato."

Yule msichana wa muda alilipwa akaondoka. Priscilla hajawahi kujua alikokwenda. "Naye alikuwa na wake wa kulisha," anasema. "Huwa namwombea, ingawa jina lake nililijua la kwanza tu."

Sasa ikabaki foleni.

Asubuhi ya kwanza, mwanamke wa mbele alimwona Priscilla kando ya mtambo, akachukua debe lake akaondoka. Wa pili akamfuata. Kufikia adhuhuri, wengi walikuwa wamevuka barabara kwenda mashine ya upande wa pili, ambako walisimama juani kwa muda mrefu kuliko kawaida, lakini walisimama. Waliobaki walimwambia Metrine, "Mimina wewe." Metrine akamimina, ingawa hajui kusikiliza mtambo, na unga ukatoka na chenga.

Nyamhanga, fundi wa mtambo, ni Mkuria kutoka Isebania. Alijaribu kwa njia yake. Alileta mahindi yake mwenyewe, akampa Priscilla ayasage mbele ya watu, kesho yake akaja akasimama katikati ya foleni na kugeuka mbele na nyuma.

"Nimeula jana na wanangu wote," alisema. "Nitazameni. Nimeota mkia?"

"Wewe ni Mkuria," mmoja alimjibu. "Haikushiki."

"Basi njooni wote muwe Wakuria, mpate unga laini."

Walicheka, na bado hawakumpa Priscilla magunia yao.

Mambo yakaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Dizeli ilinunuliwa, mtambo ukanguruma bila nafaka ya kutosha. Wafanyabiashara wenzake walimwambia Abdurahman aache ukaidi. Mpe notisi, walisema, sheria inakuruhusu, hata leba wenyewe wanajua. Priscilla aliona. Alianza kuja mapema zaidi, akafagia pasipo na uchafu, akasugua bati mpaka likang'aa. Alifunga siku za Jumatano na kuomba. Alisubiri kuitwa.

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa akaitwa stoo. Abdurahman hakatai alichokuwa amekusudia.

"Nilikuwa nimeamua," anasema, na tasbihi imesimama kati ya vidole vyake. "Biashara inakufa. Nilitaka kumpa mwezi wake mmoja, na kitu juu. Nilisema moyoni, nimefanya wajibu wangu, leba yenyewe imeshuhudia. Akaingia, akasimama. Nikamuuliza kwanza, ukitoka hapa utaenda wapi? Si kwamba nilikuwa na mpango. Nilitaka tu kujua."

Priscilla alimjibu kwa maneno matatu. "Kosele, kwa Bonface."

"Bonface ni nani?" aliuliza Abdurahman.

Akamweleza. Ndipo Abdurahman, kwa mara ya kwanza, alipojua kwa nini wanawake wanakimbia, kwa nini Priscilla alidhani amefukuzwa, na kitu gani kilikuwa kinamngoja upande wa pili wa notisi ya mwezi mmoja. Mpaka siku hiyo alikuwa amedhani wateja wanamkwepa kwa sababu ya kuogopa ugonjwa uliomuua Elisha.

"Aliirudisha tasbihi mfukoni," anasimulia Priscilla. "Halafu akasema, rudi kwa mashine."

"Ningesema nini?" anauliza Abdurahman. "Nimesimama mbele ya serikali nikasema huyu mama nilimfungia mlango kwa kuulinda ujane wake. Sasa mimi huyo huyo nimpeleke kwa mwanamume asiyemtaka, kwa sababu ya foleni? Mungu ananiona."

Hakuna aliyebadilisha mawazo ya soko la Migori kwa hotuba. Kilichobadilisha ni mkanda wa mtambo wa upande wa pili, ambao ulikatika siku chache kabla ya shule kufunguliwa, wakati kila nyumba inahitaji unga wa mtoto anayekwenda bweni. Fundi wao alikwenda Kisumu kutafuta mwingine akachelewa. Wanawake walisimama barabarani, madebe kichwani, wakitazama huku na huku.

Wa kwanza kuvuka alikuwa Nyasuguta, mama mtu mzima anayeuza ndizi. Aliliweka debe lake mbele ya Priscilla bila salamu.

"Usage laini," alisema. "Mjukuu wangu ana mdomo wa kizungu."

Priscilla alisaga. Nyuma ya Nyasuguta walikuja wengine. Mmoja aliweka kipande cha mkaa ndani ya gunia lake kama kinga, akidhani haonekani. Priscilla alikiona, akakitoa kisichafue unga, akamrudishia mkononi.

Walikula, wakaamka salama. Mkanda wa upande wa pili ulipopatikana, baadhi walirudi huko na hawajaja tena mpaka leo. Wengi walibaki, kwa sababu unga wa huku hauna chenga.

Siku hizi Abdurahman hamwajiri mtu bila kumweleza siku zake za likizo na nini afanye akifiwa. Wenzake sokoni humtania, humwita Abdurahman wa Leba, na wengine si kwa utani, maana wafanyakazi wao wameanza kuuliza maswali. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba amewaharibia biashara. "Labda," anasema Abdurahman. "Nimemwambia aende Homa Bay akalalamike. Kule wanasikiliza pande zote mbili."

Bonface hajaacha kumshawishi. Nyumba ya Priscilla huko Kosele imetoboka paa, na wazee wanasema haiezekwi mpaka mwenye nyumba, yaani mrithi, apatikane. Priscilla ameanza kununua mabati, moja moja, na kuyahifadhi stoo kwa Abdurahman. Anakusudia kuyapandisha mwakani, na vijana wa kanisa wamekubali kuja kupigilia misumari. Kama wazee watawazuia, anasema, atashika nyundo mwenyewe.

Leo hii, hata hivyo, si mabati anayoyafikiria. Kwenye kona ya kushonea magunia hapana mtu. Osoro, mume wa Metrine, alizikwa wiki iliyopita nyumbani kwao upande wa Kisii. Metrine hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, macho yamevimba, akasema anaenda kuzika, na Abdurahman akampa ruhusa mbele ya wote. Tangu hapo Priscilla anamimina kwa mkono huu na kupima kwa ule.

Mchana, foleni inapopungua, Abdurahman anasogeza kiti chake karibu na mtambo. Inambidi apaze sauti.

"Mama Bravin. Hawa watu wa Osoro, mjane wao hukaa muda gani?"

Priscilla anapangusa unga kwenye mikono yake. Anafikiri kidogo.

"Sijui, tajiri. Yeye ni Mluhya, mume ni Mgusii, na kanisa lao ni la Katoliki. Kila mmoja atakuwa na hesabu yake."

"Sasa tufanye nini?"

"Nipe ruhusa Jumapili. Niende nikamuulize mwenyewe anataka siku ngapi."

Abdurahman anatazama kona iliyo tupu, kisha anamtazama Priscilla.

"Nenda," anasema. "Akitaka kuja kesho yake, aje. Akitaka kukaa, akae, nafasi yake ipo na likizo yake inalipwa. Ila umuulize peke yake, wakwe wakiwa mbali."

"Nitamwita tukachote maji mtoni," anasema Priscilla, na kuinua debe linalofuata.